Kabla ya kununua king'amuzi, waulize watu wa nyumbani

Kazi yangu ni kufunga antena na madishi hapa Malindi, kuanzia Maweni na Barani hadi Ganda na Gede. Mteja akinipigia simu huuliza, "Fundi, king'amuzi gani kizuri?" Nami humuuliza: nyumbani kwako nani huangalia, huangalia nini, na saa ngapi? Wengi hunyamaza hapo, maana jambo hilo halijawahi kuzungumzwa. Pesa zishatengwa, tivii ishabebwa kwa tuktuk, na hakuna aliyemuuliza bibi.

Basi anza na karatasi. Andika kila mtu wa nyumba na kile anachokipenda. Bibi anataka taarifa ya Kiswahili ya saa moja usiku. Watoto wanataka katuni wakirudi chuoni. Mama anafuata tamthilia, vijana mpira. Kisha weka alama kwenye vile tu ambavyo mtu atasikitika kweli akivikosa. Orodha hufupika haraka, na ndiyo itakayokuchagulia king'amuzi.

Shangazi yangu anakaa Shella, hii yetu ya Malindi, si ile ya Lamu. Alikuwa akilipia kifurushi kikubwa cha dishi kila mwezi kwa sababu muuzaji alimwambia ndicho chenye mpira, na mjukuu wake alikuwa mpenzi wa mpira. Mjukuu mwenyewe alishahamia Mombasa kikazi. Tulikaa barazani, tukaandika: taarifa, tamthilia mbili, mapishi. Vyote vinapatikana bure. Akanitazama akasema, "Na hizo stesheni nyengine zote nalipia nini, mwanangu?" Nikamfungia antena. Zile pesa sasa zinanunua tokeni za stima na dawa zake za presha. Inaniuma kuona mtu mzima akikatwa pesa kila mwezi kwa kitu asichokigusa, ndiyo maana naandika haya.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu: kila nyumba ianze na stesheni za bure, iongeze cha kulipia pale tu karatasi inapodai. Kenya ilizima mitambo ya zamani ya analogi mwaka 2015, na sasa matangazo ya antena hurushwa kwa mfumo wa kidijitali uitwao DVB-T2, au T2 kwa ufupi. KBC, Citizen, NTV na KTN zote zimo humo. Unahitaji tivii yenye mfumo huo ndani yake, au king'amuzi cha stesheni za bure, cha kuunganisha kwa waya wa HDMI, pamoja na antena. Hakuna malipo ya mwezi.

Angalizo kwa wenye jamaa Ghuba au Ulaya wanaotuma tivii nyumbani. Tafuta maandishi ya T2 kwenye boksi au kwenye menyu. Ikiwa ni T peke yake, bila 2, haitashika matangazo yetu bila king'amuzi. Iliyotoka Japani au Marekani, soma kwanza volti nyuma yake kabla ya kuichomeka. Kule umeme ni wa volti 100 hadi 120, na huku ni 240.

Antena ndogo ya kuweka juu ya meza usiitegemee sana. Nyumba ya mabati huzuia mawimbi, na kuta nene za mawe ya matumbawe vilevile. Weka antena nje, juu ya nguzo, na kabla hujapanda ngazi tembea mtaani uangalie antena za majirani zimeelekea wapi. Jirani anayepata picha safi ameshakufanyia nusu ya kazi. Epuka mnazi ulio mbele ya antena. Siku ya utulivu picha itakuwa nzuri, lakini Kusi likianza kuvuma makuti yanapita mbele ya antena na picha inagandaganda.

Ukiwa juu, acha mtu chini afungue ukurasa wa mawimbi kwenye skrini. Kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Mwambie akusomee ubora, kwa sababu nguvu inaweza kuwa kubwa na picha isitoke. Zungusha antena kidogo, subiri sekunde kadhaa isome, zungusha tena. Watu huizungusha kama usukani wa matatu, wanapita mahali pazuri bila kujua.

Sasa sehemu inayoharibika kuliko zote pwani: kiungo cha waya. Nunua waya wa RG6, ule mnene wa antena. Chuna ganda la nje taratibu, ukunje nyuzi nyembamba nyuma, kisha chuna plastiki nyeupe mpaka ubaki na ule waya wa katikati. Angalia kwa makini, hata kwa tochi ya simu: uzi mmoja ukigusa waya wa katikati, huna picha. Funga kile kichwa cha waya cha kuzungusha kama skrubu mpaka kikaze, ukizungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukianzia chini kupanda juu ili maji yateleze nje ya mikunjo. Kabla waya haujaingia ndani ya nyumba, uache uning'inie kitanzi kidogo, maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kuufuata mpaka nyuma ya tivii. Karibu na bahari, shaba iliyoachwa wazi hugeuka kijani kwa hewa ya chumvi, na mwenye nyumba huanza kulaumu stesheni.

Dishi lina nafasi yake. Ikiwa nyumbani kuna watu wa Ligi Kuu ya Tanzania, Simba na Yanga, basi chukua dishi la Azam. Ligi ya Uingereza iko SuperSport, kwa DStv, na baadhi ya mechi unazipata GOtv inayotumia antena ya kawaida. StarTimes ina aina mbili, ya antena na ya dishi, kwa hivyo sema mapema unataka ipi. Na kama antena haishiki kitu ulipo, dishi halina mbadala.

Kabla ya kulipa, toka uani uangalie mbingu. Setilaiti ya DStv iko juu ya longitudo ya nyuzi 36 mashariki, nasi tuko karibu nyuzi 40, kwa hivyo kwetu iko karibu utosini. Mwembe ulioinamia paa ni adui wake. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, maana yake dishi linaelekea magharibi, upande wa bara. Ukiwa na ghorofa ya jirani upande huo, tafuta kona nyengine kwanza.

Mvua kubwa ikikata picha dakika chache, hiyo ni kawaida ya dishi. Kuna na jambo jengine linalowafanya watu waniite bure. Karibu na Machi 21 na Septemba 22, jua hupita nyuma ya setilaiti na picha hukatika kwa muda mfupi siku kadhaa mfululizo. Kwa DStv ni kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, kwa Azam karibu saa tisa. Usiguse dishi, itarudi. Nami hupenda kuwakumbusha vijana kwamba mambo ya setilaiti si mageni kwetu: hapo Ngomeni, kwenye jukwaa la Waitaliano baharini, ndiko setilaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970.

Malipo yahesabu kwa mwaka. Kifurushi cha shilingi 1,200 ni 14,400 kwa mwaka. Muulize muuzaji mapema: kifurushi kikiisha, stesheni za bure zinabaki? Na kama ni mpira pekee, ligi ya Uingereza huanza Agosti na kumalizika Mei. Juni na Julai usilipie, ikiwa mpango wako unaruhusu kusimamisha.

Intaneti ni nzuri kwa nyumba iliyo na waifai ya kulipa kwa mwezi. Wengi Ramadhani hufungua Makka mubashara kwenye YouTube, na watoto wana katuni zao. Lakini kwa bando la simu, piga hesabu. Netflix ya picha ya kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, na ya HD hadi GB 3. Saa mbili kila usiku ni GB 60 kwa mwezi, au 180 kwa HD. Ruta nayo iweke chumba kimoja na tivii, kwa sababu ya zile kuta za matumbawe.

Tivii iwekwe sebuleni, isitazamane na dirisha. Saa moja ya bibi iandikwe na iheshimiwe, vijana wasubiri.

Mwezi Machi, kabla ya masika, panda juu ukaze nati, upake grisi, ukague tepu. Ukiona dalili za radi, kabla haijaanza kunguruma, chomoa waya wa antena pamoja na ule wa umeme. Watu wengi huchomoa wa umeme tu, na radi huweza kupitia huo mwengine.