Namna ya kuvuka vilima vya mchanga kwa gari bila kukwama

Dereva aliyezoea barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, foleni ya malori ya Mariakani na matope ya Kwale wakati wa masika, huwa na mazoea mawili yanayomponza mara tu anapoingia mchangani: gari likilemewa huongeza mafuta, na likiponyoka hukanyaga breki. Nimeyaona haya kwa vijana wetu wanaokwenda kuendesha magari Omani na Imarati, na kwa wale wanaowapeleka wageni Marsabit kuliona jangwa la Chalbi. Mimi mwenyewe, nilipokwama mara ya kwanza, nilikanyaga mafuta mpaka tumbo la gari likalala juu ya mchanga, kisha nikachimba kwa beleshi la kuazima tangu adhuhuri hadi alasiri. Mwongozo huu ni wa dereva wa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na sehemu kubwa yake inahusu kazi inayofanywa kabla ya kukanyaga mafuta, kwa kuwa huko ndiko kilima cha mchanga kinakovukwa au kinakomshinda mtu.

Joshini na demani

Kilima cha mchanga ni kazi ya upepo, na mtu wa Pwani hana udhuru wa kukisoma vibaya, maana maneno ya kukieleza aliyarithi kwa manahodha. Upande wa joshini, unakotoka upepo, hupanda polepole, mara nyingi kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, na mchanga wake huwa umeshindiliwa na upepo wenyewe hata ukaweza kulibeba gari. Upande wa demani, uendako upepo, chembe humwagika kutoka kileleni na kutulia kwenye mwinamo wa nyuzi 32 hadi 34, kwa sababu mchanga mkavu hauwezi kusimama zaidi ya hapo bila kuporomoka. Huko mchanga ni laini kama unga uliochekechwa, na gari la kawaida haliupandi, huuteremka tu.

Jambo hili lina matokeo ambayo wageni wa jangwa huyagundua wakiwa wamechelewa. Anayeingia na upepo mgongoni hupanda joshini na kushuka demani asubuhi nzima kwa raha, akidhani ameshaujua mchanga, kisha jioni anapogeuza gari arudi alikotoka hukuta kila kilima kimemgeuzia ukuta. Njia ya kurudi ni lazima ipangwe kabla ya kushuka demani ya kwanza, na mara nyingi haitakuwa njia ile ile ya kwendea. Kama kilima kina umbo la mwezi mwandamo, pembe zake mbili huelekea kule upepo uendako. Ncha za pembe hizo ni fupi, na kuzizunguka ni rahisi kuliko kukabili mgongo wenyewe. Vilima virefu ambavyo Waarabu huviita seifu, yaani upanga, huwa na mabonde kati yake, na dereva mwenye busara hufuata bonde mpaka apate mahali mgongo uliposhuka.

Mchanga wenye viwimbi vidogo vilivyo wazi aghalabu ni mgumu. Mahali palipolainika bila kiwimbi chochote, hasa chini ya demani na katika mashimo yaliyozungukwa na vilima, ndipo gari huzama. Penye shaka, shuka utembee: mguu ukizama mpaka kwenye kifundo, tairi nalo litazama.

Saa za kazi ni alfajiri mpaka asubuhi, na tena alasiri. Asubuhi mchanga una baridi na mabaki ya umande, kwa hiyo hushikana, na jua la pembeni hutoa vivuli vinavyokuonyesha mgongo ulipo na ulivyokatika. Jua la utosini huvifuta vivuli vyote, na jangwa likaonekana kama shuka moja iliyotandikwa. Madereva wengi waliorukia shimo la demani bila kuliona walikuwa wakiendesha saa hizo.

Upepo wa matairi

Kama msomaji atashika kifungu kimoja tu, na akishike hiki. Tairi lenye upepo wa pauni 35 kwa inchi ya mraba, ambao ni wa kawaida kwenye lami, hukata mchanga kama kisu. Ukiupunguza hadi pauni 18, tairi hulala chini na alama yake ardhini hurefuka, uzito wa gari ukatandazwa juu ya eneo kubwa zaidi. Watu hudhani tairi hunenepa kwa pembeni; hunenepa kidogo, lakini faida kubwa iko kwenye urefu. Mwanajeshi Mwingereza Ralph Bagnold, aliyezunguka Jangwa la Libya kwa magari ya Ford katika miaka ya 1920 na 1930, magari yenye nguvu ndogo kuliko gari lolote linaloegeshwa leo Mwembe Tayari, alivuka kwa kupunguza upepo, kwa kutandika vipande vya chuma mbele ya magurudumu, na kwa kuuchagua mchanga kwa jicho.

Anza kwa pauni 18 katika magurudumu yote manne, ukipimia geji na si teke la mguu. Mchanga ukiwa laini zaidi, shuka hadi 15. Pauni 12 ni za kujiokoa, na chini ya 10 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona, nawe ukabaki na kazi kubwa kuliko ya kukwama. Matairi yapimwe yakiwa ya baridi, kwa kuwa upepo hupanda yanapopata joto. Anayetoa upepo mchana baada ya mwendo mrefu atajikuta kesho asubuhi yuko chini kuliko alivyokusudia. Tairi lililopungua halistahimili mwendo wa kasi wala kona za ghafla, na mawe huchana ubavu wake kwa urahisi. Ndiyo maana pampu ya umeme inayofungwa kwenye betri ni mzigo wa lazima: asiye na namna ya kurudisha upepo huona uchungu wa kuutoa, hungoja mpaka akwame, na akishakwama huwa ameshajichimbia.

Gia, usukani na miguu

Kwenye magari mengi ya kazi mkono wa pili wa gia una alama za H2 (magurudumu mawili huvuta), H4 (yote manne, mwendo wa kawaida) na L4 (yote manne, mwendo mdogo). Kabla ya mchanga kuanza, weka H4, na kama gari ni la zamani, funga vitovu vya magurudumu ya mbele kwa mkono. H4 inatosha kwenye tambarare na vilima vidogo. L4, yenye nguvu na mwendo mdogo, ni ya vilima vikubwa na miteremko, na hapo gia ya pili au ya tatu hufaa kuliko ya kwanza, ambayo huzungusha magurudumu kwa nguvu mno na kuchimba. Gia ichaguliwe chini ya kilima: kuibadilisha katikati ya mpando hukata mwendo, na mwendo uliokatika mchangani haurudi. Gari la gia za kujibadilisha lifungiwe kwenye gia moja, na kile kifaa cha kuzuia magurudumu kuteleza kizimwe, kwa sababu kikihisi gurudumu linazunguka bure hupunguza nguvu ya injini pale pale unapoihitaji.

Panda kwa kukiangalia kilima uso kwa uso, mwendo ukiwa umeukusanya tangu bondeni. Ukikaribia kilele, punguza mafuta ili gari lifike juu kwa mwendo uliobaki, likikaribia kusimama, upate kuona upande wa pili kabla ya kujitupa. Wapo wanaorusha gari angani ili wapigwe picha. Gari hutua kwa pua, na radieta ndiyo inayolipa. Kama kilima hukijui, panda kwa miguu kwanza, na mwenzako asimame kileleni akuonyeshe mahali pa kupita.

Gari likikataa kabla ya kilele, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja, tia gia ya nyuma, na urudi chini kwa kuifuata alama uliyojia. Kosa linaloua ni kujaribu kugeuza gari mpandoni: likikaa ubavu kwenye mwinamo huo, hubiringika. Ikitokea umeshakaa ubavu na gari linateleza, elekeza pua chini na uongeze mafuta kidogo. Ni kinyume na anachokitaka moyo, lakini gari hunyooka. Mteremko wa demani nao hushukwa wima, kwa L4 na gia ya kwanza au ya pili, miguu ikiwa mbali na breki. Sehemu ya nyuma ikianza kukupita, mafuta kidogo huinyoosha, ilhali breki huigeuza kabisa.

Hata kwenye tambarare, breki ni adui. Unapokanyaga, mchanga hurundikana mbele ya kila gurudumu, na kuondoka tena ni kuupanda ukuta uliojijengea. Acha gari lisimame lenyewe, na lisimamishe pua ikielekea chini. Ukihisi linazama huku bado linakwenda, chezesha usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, ili ubavu wa matairi ya mbele utafute mchanga mgumu zaidi.

Likishakwama

Magurudumu yakizunguka na gari lisiende, simama. Kila mzunguko wa ziada ni beleshi kumi za kuchimba. Washushe abiria, kisha jaribu kwanza kurudi nyuma, kwa kuwa alama ulizojia zimeshashindiliwa. Ikishindikana, chungulia chini: kama difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli) au chesisi imekaa juu ya mchanga, hakuna nguvu itakayosaidia kabla ya kuuondoa mchanga huo. Chimba mbele ya kila gurudumu mteremko mrefu wa taratibu, shusha upepo hadi pauni 12, tandika ubao au bati lenye matundu, na uondoke kwa mafuta ya upole. Jeki haina pa kukanyagia mchangani, kwa hiyo beba kipande cha ubao mnene cha kuiwekea chini.

Kuhusu kuvutwa na gari jingine nina neno kali kidogo. Kamba ifungwe kwenye ndoano zilizoshikana na chesisi, na kamwe isifungwe kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia tela, kwa sababu mpira huo haukuundwa kwa mvuto wa ghafla na ukikatika huruka kama risasi, umeshaua watu. Tupia blanketi zito katikati ya kamba, ili ikikatika isichape, na watazamaji wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe.

Maneno haya yanaonyesha pia kwamba gari moja halivuki jangwa. Mawili ni kima cha chini, na matatu ni bora. La nyuma lisianze kupanda mpaka la mbele limeshuka upande wa pili na kutoa ishara, na kila gari libebe bendera juu ya fimbo ndefu ili lionekane kabla halijafika kileleni. Maji mimi huhesabu lita 6 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, na siku mbili za ziada. Mafuta ya gari yanaweza kuliwa mara mbili ya yale ya lami. Gari likiharibika, kaeni nalo, kwa kuwa gari huonekana kwa mbali na mtu anayetembea haonekani.

Chumvi si mchanga

Anayekwenda Chalbi ajue kwamba sehemu kubwa ya jangwa lile, kati ya Marsabit na ziwa Turkana, ni sakafu ya ziwa lililokauka: udongo na chumvi, si vilima. Ukiwa mkavu huendeshwa kama uwanja wa ndege. Mvua ikinyesha huwa matope yasiyo na mwisho. Kule Omani, pembezoni mwa jangwa la Rub' al Khali, eneo la Umm as-Samim lina ganda la chumvi lililofunika tope la maji chumvi. Katika ardhi ya namna hiyo kanuni hubadilika. Mchangani kufuata alama za gari la mbele husaidia, lakini kwenye ganda la chumvi lililokwisha kuvunjwa alama hizo ndizo mtego, na ni afadhali kuzunguka kwa mbali.

Wanaotaka kujifunza karibu na nyumbani hutajiwa Mambrui, kaskazini ya Malindi, penye vilima vya mchanga kando ya bahari. Ni mahali pazuri pa kwenda kwa miguu kuitofautisha joshini na demani. Kupeleka gari kwenye fuo hizi sikushauri, maana kasa hutaga humo na mimea inayoushika mchanga hung'oka kwa tairi. Mazoezi ya kutoa upepo, kuchimba na kuvutana yafanyieni kwenye kiwanja cha mchanga cha mtu aliyewapa ruhusa.

Mkifika lami, rudisheni upepo kabla ya kushika mwendo, maana tairi la pauni 15 kwenye lami ya moto hupasuka. Fungueni eakilina (kichujio cha hewa ya injini) mkakung'ute mchanga, na muoshe breki kwa maji mengi. Tairi likianza kuvuja polepole siku ya pili, fundi wa pancha alitoe kwenye rimu na aisugue rimu kwa brashi kabla ya kutafuta tundu, kwa sababu mara nyingi hakuna tundu: ni chembe za mchanga zilizoingia kati ya tairi na chuma pale upepo ulipokuwa mdogo.