Kukiandalia Chombo Kitanda Kinachofuata Umbo Lake

Katika fukwe nyingi za Tanga, pasipo na chelezo (mahali palipojengwa pa kupandishia vyombo) wala winchi, chombo hupandishwa kwa nguvu ya maji yenyewe. Husubiriwa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, chombo kikasogezwa ufukweni maji yakiwa yamejaa, na yakishakupwa kikabaki kimekaa juu ya magogo, kikizuiwa na gadi, yaani nguzo za kuegemeza, ubavu huu na huu, ili mafundi wapate kukitia kalafati (pamba ya kuziba mishono ya mbao), kukipaka deheni (mchanganyiko wa mafuta wa kulinda mbao) au kubadilisha ubao uliooza. Utaratibu huu ni mzuri na hauna gharama kubwa, lakini una sharti moja ambalo wengi hulipuuza, nalo ni kwamba kitanda, yaani mpangilio wa magogo na gadi, ndicho kinachopaswa kufuata umbo la chombo. Pale magogo yanapookotwa yaliyopo na chombo kikalazimishwa kukaa juu yake, mbao huumia kimyakimya, na dosari hugunduliwa chombo kikiwa tayari kimerudi baharini.

Jambo la kwanza kulifahamu ni kwamba uzito hubebwa na mkuku, yaani mti mkuu wa chini unaokwenda urefu wote wa chombo. Gadi kazi yake ni kukizuia chombo kisilale upande, na haipaswi kubeba zaidi ya hapo. Ukiona gadi imekaza kiasi kwamba ubao unabonyea, ujue kwamba magogo ya chini hayajafika mahali pake.

Kwa hiyo anza na mkuku. Siku ya maji kupwa, chombo kikiwa kimekaa mchangani, vuta uzi ubavuni mwa mkuku kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), ukiukaza usawa wa ncha zake mbili za chini, kisha fukua mchanga kidogo kila baada ya mita moja na upime nafasi iliyopo kati ya uzi na ukingo wa chini wa mkuku. Mikuku ya vyombo vilivyotumika miaka mingi ni nadra kuwa nyoofu. Mingi huwa imeinuka katikati kwa sababu omo na tezi huwa nzito kuliko maji yanavyoweza kuzibeba. Mkuku ulioinuka sentimita 3 ukiwekwa juu ya magogo yaliyo sawa kabisa utabebwa ncha mbili tu. Andika kila kipimo, na kila gogo ulipachikie kipande cha ubao chenye unene unaolingana na kipimo cha mahali pake. Kwa mashua ya mita 8, magogo matano au sita yanatosha, lakini moja lazima liwe chini ya mlingoti, na kama kuna injini ya ndani, jingine liwe chini yake.

Baada ya mkuku yafuate mataruma, yaani mbavu za ndani za chombo. Gadi haiwekwi popote penye nafasi. Huwekwa mahali ambapo ndani yake kuna taruma, kwa sababu ubao peke yake hauwezi kuhimili msukumo. Kuyatafuta si kazi ngumu. Sugua rangi kidogo kwa nje na utaona vichwa vya misumari vimepangana kwa mistari ya kwenda juu, na kila mstari ni taruma moja. Uchore kwa chokaa hadi ukingoni ili uonekane hata chombo kikiwa majini. Niliwahi kuona pale Sahare mashua iliyowekewa gadi shubiri moja tu kando ya taruma. Baada ya siku mbili ubao ulikuwa umeingia ndani, na pamba ya kalafati ilikuwa inaning'inia nje ya mshono kama utambi wa taa. Ubao ule ulilazimika kung'olewa, ingawa haukuwa na ubovu wowote kabla ya hapo.

Boti za faiba zina hatari yake. Hazina mataruma ya kuonekana, na nyingi hazina mkuku wa kubeba uzito wote, kwa hiyo huhitaji mihimili miwili mirefu inayofuata mbavu za urefu zilizojengwa chini ya sakafu. Mihimili hiyo ifike mpaka ubao wa nyuma unaobeba injini, kwani ikiishia kabla ya hapo sehemu ya nyuma huning'inia na sakafu hupinda. Ili kuipatia mviringo sahihi, simamisha fito wima kando ya boti, na kwa kutumia pimamaji pima umbali wa kutoka kwenye fito hadi kwenye boti kila baada ya sentimita 10, kisha uhamishe vipimo hivyo kwenye ubao na ukate. Funika mihimili kwa zulia kuukuu au mpira wa tairi, na uhakikishe haigusi rafadha (pangaboi) wala tundu la maji ya kupozea injini.

Siku ya kupandisha inahitaji kuchaguliwa kwa makini. Usipandishe chombo siku ambayo maji yanajaa kuliko siku zote za bamvua hilo, kwa kuwa siku zinazofuata maji hayatafika tena hapo, na utasubiri bamvua lijalo, yaani takribani wiki mbili. Siku moja au mbili kabla ya kilele ni bora. Wakati wa bamvua maji ya pwani yetu hujaa karibu na saa kumi, kwa hiyo asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, una nafasi ya kupanga kitanda bila haraka. Mbao kavu huelea, hivyo kifunge kitanda kwenye vigingi na ukikandamize kwa mawe. Simamisha pia fito nne ndefu kwenye pembe zake, zitakazobaki zikionekana maji yakijaa, ili nahodha ajue pa kukielekeza chombo. Kabla ya kukisogeza, toa maji ya ngamani (yaliyotuama chini ndani ya chombo) na ya kunywa, kwani lita 200 ni kilo 200 usizohitaji.

Mkuku ukishagusa, pachika gadi mbili za katikati kwanza, miguu yake ikiwa juu ya vipande vya ubao ili isizame, kisha uzifunge pamoja kwa kamba inayopita chini ya mkuku, zisiteleze kwenda nje. Maji yakiondoka, gonga kila gogo kwa nyundo. Lililobeba uzito hutoa mlio mzito uliokufa, na lisilobeba hulia kama ngoma. Hilo ndilo la kuongezewa kabari, taratibu, mpaka mlio ubadilike. Rudia ukaguzi huo baada ya maji kujaa na kukupwa mara moja, kwa sababu mchanga huchimbika pembeni mwa magogo. Na fundi anapotaka kupaka rangi mahali palipo na gadi, asiiondoe kabla ya kuweka nyingine kwenye taruma la jirani.