Somo: Tetekuwanga nyumbani, hesabu magaga usihesabu siku

Tetekuwanga huletwa na kirusi kinachosambaa kwa hewa na kwa maji ya vipele. Kuambukizwa hadi kipele cha kwanza ni siku 10 hadi 21, na mtoto huanza kuambukiza wenzake siku moja au mbili kabla hakijatoka. Ndiyo maana chuo kizima cha Kurani pale Ngamiani, Tanga, huugua hata kama wa kwanza alirudishwa nyumbani mapema.

1. Hakikisha. Vipele hutoka kwa mafungu, kwa hiyo mwilini utakuta vyekundu, vyenye maji na vilivyokauka vikafanya gaga (ganda la kidonda) kwa wakati mmoja. Surua haina malengelenge. Huanza na homa, mafua, kikohozi na macho mekundu. Mwenye hiyo mpeleke kituo cha afya.

2. Homa. Parasetamo miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5: mtoto wa kilo 12 apewe mililita 5 hadi 7, upime kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya chai havilingani. Aspirini marufuku, huweza kudhuru ini na ubongo. Ibuprofeni nayo iache.

3. Mwasho. Hapa ndipo penye kazi. Kata kucha mpaka chini, kwa sababu kipele kilichokunwa huingia bakteria, kikatunga usaha na kuacha kovu. Mwogeshe kila siku kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe kwa kubonyeza taulo bila kusugua, kisha mpake losheni ya kalamaini, mbali na macho na mdomo. Joto la kaskazi huzidisha mwasho: mvike khanga kuukuu, si nailoni. Spiriti na dawa ya meno huunguza tu.

Maswali

*Bibi yao anasema mtoto akioga vipele vitarudi ndani.*
Shikamoo yake bibi, lakini havirudi. Uchafu ndio unaovioza.

*Arudi shule lini?*
Kipele cha mwisho kikishafanya gaga, mara nyingi siku ya 5 hadi ya 7 tangu vianze kutoka. Kikiwepo hata kimoja chenye maji, bado.

*Wifi ni mjamzito, hajawahi kuugua, na amelala chumba kimoja na mtoto.*
Aende kliniki leo, dada, asingoje vipele.

*Lini nikimbilie hospitali ya Bombo?*
Akipumua kwa shida, akipata degedege, shingo ikikaza, akilegea asiamke vizuri, au homa ikipita siku 4. Ngozi ikivimba na kuwa ya moto, vilevile.

*Mkanda wa jeshi ndio huu huu?*
Kirusi ni kilekile. Hubaki kimelala kwenye mishipa ya fahamu, kikaamka uzeeni au kinga ikishuka.