Kung'arisha Sakafu ya Konkriti: Anza na Msumari

Nikiitwa kwenye godauni, kitu cha kwanza kutoka mfukoni si tepu ya kupimia, ni msumari wa inchi nne. Napiga magoti, nakwaruza sakafu, nainuka, natembea hatua kumi, nakwaruza tena. Mwenye jengo huwa amesimama langoni akingoja bei. Bei itakuja. Kwanza nataka kujua ninakwenda kusaga nini.

Msumari ukizama na kutoa unga mweupe, konkriti ni laini. Ukiteleza na kuacha mstari mweusi unaong'aa kama wa penseli, hicho ni chuma cha msumari kilichobaki juu, na konkriti ni ngumu. Kuna seti ya kalamu za kukwaruzia zenye namba za Mohs, kipimo cha ugumu. Ninayo, na kazi ikiwa kubwa naitumia, maana msumari unakuambia laini au ngumu lakini haukuambii kwa kiasi gani.

Jibu hilo ndilo linalochagua meno ya mashine, na hapa ndipo mafundi wengi huchoma pesa. Meno ni chembe za almasi zilizoshikiliwa ndani ya chuma. Chuma kile sharti kilike polepole ili chembe butu zidondoke na kali zichomoze. Konkriti laini hutoa vumbi la mchanga linalokila haraka, basi inataka chuma kigumu. Konkriti ngumu haikili, basi inataka chuma laini. Ukigeuza, ama meno yataisha kabla ya chakula cha mchana, ama yatafanya kioo, yaani yatateleza bila kukata: mashine inanguruma, umeme unalipiwa, na sakafu iko vile vile. Kijana akikuambia "hii simiti imekataa", angalia meno kwanza.

Baada ya msumari, maji. Mwaga kikombe kidogo sehemu tatu nne. Yakinywewa upesi, sakafu ina vitundu wazi na itakunywa dawa nyingi ya kukazia. Hesabu hilo kwenye bei. Yakikaa juu kama matone kwenye jani la nduma, kuna rangi au dawa ya zamani juu yake, na lazima itolewe.

Unyevu usiupuuze, hasa Nairobi. Industrial Area, Imara Daima, Embakasi, sehemu nyingi huko zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Kama aliyejenga hakuutoa na kushindilia maramu, tena akaruka nailoni chini ya slabu, maji yatapanda miaka yote. Bandika karatasi ya plastiki ya sentimita 45 kila upande, ziba kingo zote kwa tepu, iache saa 16 au zaidi. Ukiifunua ukute jasho, au konkriti imekuwa nyeusi, tafuteni chanzo cha maji kabla ya kusaga. Unyevu huo husukuma chumvi nyeupe juu, na hakuna msasa unaoizuia.

Kama slabu bado haijamwagwa, una bahati, kwa sababu nusu ya mng'aro hutengenezwa siku ile. Naomba simiti ya daraja la nguvu la 42.5, maji kidogo kadiri mchanganyiko unavyoruhusu, na usawazishaji wa helikopta, ile mashine ya mapanga ya kulainishia uso, ufanywe na mtu anayejua kungoja. Nakataza kabisa kutupia simiti kavu juu na kunyunyizia maji ili iteleze. Hiyo ndiyo niru, na ni nzuri kwa sebule ya shosho kijijini. Kwenye sakafu ya kusagwa ni ganda dhaifu, mashine italichuna kama ngozi ya kiazi. Mwagilieni maji kwa siku 7, na mimi niitwe zikifika 28. Mistari ya kuelekeza nyufa ikatwe mapema, kwa kina cha robo ya unene: slabu ya milimita 150, mkato wa karibu milimita 38. Januari na Februari, jua na upepo mkavu wa hapa hukausha juu kabla ya chini. Ukilala hadi asubuhi utakuta sakafu imejichorea mistari yake yenyewe, na haikuuliza mhandisi.

Kagua umeme pia. Mashine kubwa hutumia fezi tatu, volti 415. Usibebe mashine ya nusu tani kwa lori ndipo ukakute soketi ya birika.

Sasa kusaga. Tunaanza na meno ya chuma ya namba 30 au 40, kisha 80, kisha 150; namba ikipanda, chembe ni ndogo zaidi. Namba ya kwanza ndiyo inayoamua sura ya sakafu. Ukipita juu juu, unabaki na uso wa simiti. Ukishuka kidogo, mchanga unajitokeza kama chumvi na pilipili. Ukizama milimita chache, kokoto inaonekana, na kokoto ya Nairobi, ile ya kijivu iliyokolea, ikikatwa hupendeza kuliko watu wanavyodhani. Ila slabu isiyo sawa haitakupa sura moja: penye mwinuko kokoto itatoka, penye bonde haitatoka. Mwonyeshe mteja kwenye kipande cha mita mbili kwa mbili pale pale kwake, atie sahihi akiwa amekiona.

Kila namba ipite kukatiza njia ya namba iliyotangulia, na kati ya namba na namba fyonza vumbi lote. Punje moja ya 30 iliyobaki chini ya 150 itachora mstari utakaoutafuta wiki nzima. Kingo za ukuta na miguu ya nguzo zifanywe kwa grenda ya mkono kwa namba zile zile, pamoja na sakafu, zisingoje mwisho.

Mashimo madogo yazibwe hapo katikati, kisha ndiyo dawa ya kukazia, ambayo ni silikati ya sodiamu au ya lithiamu. Wateja hudhani ni vanishi. Siyo. Inapenya, inakutana na chokaa iliyobaki ndani ya konkriti, na kutengeneza gundi ya aina ile ile ambayo simiti ilitengeneza ilipoganda. Ya sodiamu ni nafuu, lakini ukiiacha ikauke juu bila kusugua na kuosha, utapata ukoko mweupe mgumu kama chokaa ya birika. Ya lithiamu ni ghali, ila husamehe.

Halafu misasa ya plastiki, yaani almasi iliyoshikiliwa na plastiki badala ya chuma: 100, 200, 400, 800. Utaniuliza kwa nini natoka 150 ya chuma na kurudi 100 ya plastiki. Mkwaruzo wa chuma ni mrefu zaidi kwenda chini kuliko namba yake inavyosema, na 100 ya plastiki ndiyo inayoufikia. Ghala la forklifti liishie 400. Duka au ofisi, 800. Ukitaka kujitazama usoni, 1500 na 3000 zipo, kwa pesa yako.

Usiruke namba. Niliwahi kuruka. Ilikuwa duka la kuonyesha magari upande wa Mombasa Road, wanafungua Jumamosi, nasi tulikuwa tumechelewa. Nikatoka 80 ya chuma moja kwa moja hadi 400. Usiku, chini ya balbu, sakafu iling'aa hata vijana wakapigana picha. Asubuhi lango likapandishwa, jua la saa moja likaingia limelala, na sakafu nzima ikajaa miduara kama sufuria iliyosuguliwa kwa waya. Mwenye duka akazunguka mara moja, mikono nyuma.

"Fundi, haya ni maua ama ni nini?"

Nikarudi 80 na kupanda upya, siku nne, dizeli yangu, mishahara ya vijana yangu. Tangu hapo natembea na tochi. Kila namba ikiisha naizima taa ya juu, naulaza mwanga sakafuni, natazama kando. Mikwaruzo ya namba iliyotangulia ikiwa bado ipo, haturuhusiwi kupanda.

Vumbi lenyewe lina silika, na silika hula mapafu taratibu bila kuumiza mpaka umechelewa. Barakoa ya kitambaa ni mapambo. Valisha vijana barakoa halisi ya vumbi laini, tumia kifyonzi chenye chujio la HEPA, linaloshika vumbi laini, na ufagio ufungiwe stoo. Ukisaga kwa maji, tope lake ni kali kama chokaa na huganda. Usilimwage kwenye mtaro: litaziba bomba la mwenye jengo, na kama halikuziba, litaishia Mto Ngong ambao una shida zake za kutosha. Liache lituame, likauke, lichukuliwe kama taka za ujenzi.

Kuna kazi ninazokataa. Jikoni kubwa, kiwanda cha maziwa, cha juisi, cha achari: asidi hula chokaa ya sakafu, na mng'aro utaondoka kwa madoa ya mviringo. Hao nawaambia waweke mipako ya epoksi au poliurethani. Hata kwenye ghala la kawaida, soda iliyomwagika ikilala usiku inaacha alama.

Ninapokabidhi, namtafuta anayeosha, si meneja. Namwonyesha sabuni isiyo kali, mopu ya nyuzi laini, na namwomba anionyeshe stoo yake. Karibu kila mara kuna galoni ya asidi ya kuoshea vigae imekaa nyuma ya ndoo. Naondoka nayo.