SOMO: Kuonyesha filamu za bahari na ziwa ufukweni usiku

Kila tamasha la filamu za uhifadhi wa maji likikaribia, maswali ni yale yale: projekta ipi, skrini ya nini, tuanze saa ngapi. Nimeyajibu vipande vipande mpaka nimechoka, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Soma hadi mwisho ndipo uulize.

1. Tarehe. Wengi hukimbilia siku zenye jina: 2 Februari (ardhioevu), 22 Machi (maji), 8 Juni (bahari), 27 Agosti (maziwa). Siku hizo zifanyie matangazo, ila usiku wa maonyesho uchague kwa mwezi. Mwezi mpevu unaharibu mara mbili: unafifisha picha, tena unaleta bamvua, yaani bahari kujaa kupita kawaida. Usiku mzuri ni wa robo ya mwisho, kwa sababu mwezi huchomoza karibu saa sita usiku na maji huwa mafu, yaani hayajai sana. Maji hujaa kwa kuchelewa dakika 50 hivi kila siku, basi saa uliyoipima juzi haikufai leo. Vifaa vyote vikae juu ya mstari wa mwani uliotupwa ufukweni. Ziwani hakuna bamvua, huko ogopa dhoruba.

2. Kibali. Ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye filamu, na ulizia masharti ya bodi ya filamu ya nchi yako.

3. Projekta. Kwa skrini ya mita 4 kwa 2.25, tafuta lumeni (kipimo cha mwanga) 4,000 zilizopimwa kwa ANSI, yaani kwa kiwango rasmi. Filamu za chini ya maji zina giza, maana maji humeza rangi nyekundu kwanza na kubakiza buluu na kijani. Projekta inayotosha kuonyesha mpira inaweza isitoshe hapa. Umbali wa projekta hadi skrini ni upana wa skrini mara namba ya lenzi (throw ratio): lenzi ya 1.5 inataka mita 6.

4. Skrini. Hapa ndipo maonyesho mengi huvunjika, nawaomba msipite haraka. Skrini ya mita za mraba 9 ni tanga. Upepo wa kilomita 36 kwa saa unaisukuma kwa nguvu ya kilo 60 hivi, na upepo ukiwa maradufu nguvu huwa mara nne. Kutoboa vitundu vichache hakupunguzi kitu cha maana. Vigingi vya hema havishiki mchangani: zika kiroba cha mchanga cha kilo 25 nusu mita chini, kamba itoke kwa mshazari, kiroba kiwe mbali na nguzo kwa umbali sawa na urefu wake. Kila nguzo kamba tatu, mbele na nyuma. Usikaze turubai moja kwa moja kwenye nguzo. Lifunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli ili linyumbuke. Fundo la juu liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, na mtu mmoja asimame hapo usiku kucha bila kazi nyingine. Upepo ukipita kilomita 25 kwa saa, shusha. USISUBIRI filamu iishe. Watoto wasikae ndani ya mita 5 kutoka kwenye nguzo.

5. Umeme. Jenereta ya kVA 2 inatosha projekta, kompyuta na spika mbili. Iweke mita 30 upande upepo unakoelekea, moshi wake una sumu. Waya wa kwenye gurudumu ukunjue wote. Ukiachwa umezungushwa unapata moto na kuyeyuka.

6. Sauti. Spika mbele, pembeni mwa skrini. Kwa waya.

7. Faili. MP4, ijaribiwe yote kwenye kompyuta ile ile. Flashi yenye mpangilio (format) wa FAT32 haipokei faili la zaidi ya GB 4, ibadili iwe exFAT.

8. Ratiba. Karibu na ikweta anza dakika 40 baada ya jua kuzama. Mjadala uweke kabla ya filamu ya mwisho, la sivyo utajadiliana na viti.

MASWALI

Pweza: Mkuu, projekta ya lumeni ngapi inafaa?
Jibu: Namba 3.

Dau: Naweza kutumia akaunti yangu ya kulipia filamu mtandaoni? Si nimelipa?
Jibu: Umelipia kutazama nyumbani. Kuonyesha umma ni haki nyingine. Namba 2.

Ngalawa: Unatisha watu bure. Sisi tunatundika shuka kwenye miti miwili na haijawahi kuanguka.
Jibu: Shuka la mita 2 kwa 1.5 ni mita za mraba 3, theluthi ya niliyoandika, na nguvu ya upepo nayo theluthi. Namba zangu ni za mita za mraba 9. Ukikuza skrini, rudi usome.

Tumbawe: Ufukwe wetu kasa hutaga. Mwanga wa skrini una madhara?
Jibu: Swali zuri sana dada, asante. Ndiyo. Watoto wa kasa wakitoka shimoni hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni upeo wa bahari. Taa nyeupe nchi kavu inawageuza, wanakufa kwa jua au kuliwa. Majike nao hukwepa ufukwe wenye mwanga. Msimu wa kutaga na kuangua hamishia maonyesho nyuma ya majengo, pasipoonekana kutoka mchangani. Taa za njia ziwe nyekundu au za kaharabu, chini ya goti, zikiwa na kifuniko.

Chelezo: Kwa nini umesema sauti kwa waya? Bluetooth ina tatizo gani?
Jibu: Huchelewesha sauti. Midomo inatangulia, maneno yanafuata. Kwenye mahojiano watu wanaona mara moja.

Mwani: Nyongeza kwa wa ziwani: wadudu huijaa skrini. Washa taa kali nyeupe mita 30 pembeni nusu saa kabla ya kuanza, wengi huenda huko.
Jibu: Inasaidia, na lenzi ifute kila mapumziko kwa kitambaa kikavu. Ila kwenye ufukwe wa kasa usiiwashe taa hiyo.