Safu ya Load si mzigo: namna ninavyoifuatilia klasta ya Cassandra

Nilipokabidhiwa klasta yangu ya kwanza ya Cassandra, hifadhidata inayogawa data kwenye seva nyingi (nodi), nayo ikiwa na nodi sita, niliamini kwamba nikipiga amri ya `nodetool status` na kuona UN sita zimejipanga, naweza kwenda kulala. Safu ya Load ilionyesha gigabaiti 410 hivi kwa kila nodi. Usawa mtupu. Usiku huohuo watumiaji walilalamika kwamba ukurasa wa oda unachukua sekunde nane kufunguka.

Ile Load si mzigo wa kazi. Ni ukubwa wa data iliyokaa kwenye diski. Nodi yaweza kuwa na data sawa na wenzake na bado ikapokea maombi mara kumi zaidi. Na UN inakuambia tu kwamba nodi iko hai na imeshika nafasi yake. Haikuambii kama inahema kwa kulemewa.

Kwa hiyo anza kwa kukusanya vipimo vya kila nodi peke yake. Mimi natumia Prometheus kuvikusanya na Grafana kuvichora, na kwenye kila seva naweka programu ndogo inayosoma vipimo vya JMX, mlango ambao programu za Java kama Cassandra hutolea vipimo vyake. Chukua sampuli kila sekunde 15. Ukiacha dakika moja, ambayo ndiyo Prometheus huja nayo, msukosuko wa sekunde ishirini unaweza kupita usiuone. Kisha chora nodi zote kwenye grafu moja, kila moja na mstari wake. Usichore wastani wa klasta. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: nodi tatu zilizokaa bure zitaifanya inayozama ionekane mzima.

Nachora maombi ya kusoma na ya kuandika kwa sekunde, foleni, na muda wa kujibu. Huo muda usiupime kwa wastani. Tazama persentaili ya 99, yaani muda ambao maombi 99 kati ya 100 hayauzidi. Ukurasa mmoja ukiuliza data mara 100, na kila swali lina nafasi ya asilimia 1 tu ya kuchelewa, basi kurasa 63 kati ya 100 zitakutana na angalau jibu moja la kusuasua. Halafu tafadhali, usijumlishe persentaili za nodi sita ukagawanya kwa sita. Namba utakayopata haina maana yoyote.

Sasa tatizo likizuka, unaanzia wapi? Kwangu ni amri mbili, na ninazipiga kwenye kila nodi. `nodetool proxyhistograms` inaonyesha muda wa nodi ikiwa mratibu wa ombi (inalipokea na kuwauliza wenzake), pamoja na kusubiri replika, yaani nodi zenye nakala za data hiyo, zijibu. `nodetool tablehistograms` inaonyesha muda wa kusoma data yake yenyewe. Ya kwanza ikiwa juu na ya pili iko chini, nodi hiyo haina kosa, inangojea wengine. Zote mbili zikiwa juu, umempata mgonjwa.

Usiku ule wagonjwa walikuwa watatu: nodi ya 2, ya 4 na ya 5. Tatu, na kila data yetu ilikuwa na replika tatu. Idadi ya nodi zilizolemewa ikilingana na idadi ya replika, mimi hushuku partisheni moja inayogombaniwa, yaani kundi la data lenye ufunguo mmoja, linalokaa kwenye replika zilezile. Ikilemewa nodi moja tu, naanza na mashine: diski inayokufa, au Java inayosimama kila mara kusafisha kumbukumbu.

Nikapiga `nodetool tpstats`, inayoonyesha foleni za kazi ndani ya nodi. Pending (kazi zinazongoja) kwenye ReadStage (foleni ya kusoma) ikipanda mara moja, iache. Ikipanda dakika kadhaa mfululizo bila kushuka, nodi imezidiwa. Shuka mpaka chini kwenye ujumbe uliotupwa, yaani ule nodi iliouacha kwa kuchelewa mno. Hesabu hiyo huanza nodi inapowashwa, kwa hiyo soma mara mbili ulinganishe. MUTATION (maombi ya kuandika) ikiongezeka, replika hiyo imekosa data na utahitaji kufanya ripea, yaani kulinganisha replika na kujaza kilichokosekana.

Kumtafuta mchokozi: `nodetool toppartitions mauzo oda 10000`, yaani jedwali la oda ndani ya mauzo, kwa milisekunde elfu kumi za kusikiliza. Kuanzia toleo la 4.0 amri yenyewe ni `profileload`. Jibu lilikuwa ufunguo mmoja, mteja mkubwa ambaye mfumo wake uliuliza oda zake zote bila kupumzika. Nani aliyepanga kitambulisho cha mteja kiwe ufunguo pekee wa partisheni? Mimi. Tuliongeza namba ya fungu, 0 hadi 15, kwenye ufunguo. Gharama yake ni kwamba ukitaka oda zote za mteja sasa unauliza mafungu 16, lakini kazi inasambaa.

Kuhusu ving'ora, niamshe kwa mambo mawili tu: persentaili ya 99 ikivuka kikomo kwa dakika tano, na ujumbe uliotupwa ukiongezeka. CPU ya asilimia 90 ingoje asubuhi. Diski ni ya mchana pia, ila usiipuuze: kwa kompakisheni (kuunganisha mafaili ya data) ya kufuata ukubwa, jedwali kubwa laweza kudai nafasi tupu inayokaribia ukubwa wake lenyewe.

Baada ya kuhamisha data, mistari sita ilisogeleana kwenye grafu, isipokuwa nodi ya 5 iliyobaki juu kidogo. Nikapiga `nodetool compactionstats`. Ilikuwa bado inaunganisha mafaili ya jana.