Kompaila ikipanda toleo kwenye Gentoo, jenga upya kinachohitaji tu

Mara ya kwanza GCC, yaani kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, ilipopanda toleo kwenye Gentoo yangu (Linux ambayo programu zake hujengwa kutoka kwenye msimbo), niliandika `emerge -e @world`, amri ya kujenga upya kila kitu, nikaenda kulala. Laptopu yenye kumbukumbu ya GB 4 ilihangaika siku tatu, na umeme ulikatika mara mbili. Tangu hapo huanza na swali moja: ni nini hasa kilichobadilika?

Programu za C kwa kawaida hazina neno. Za kompaila ya zamani na za mpya huelewana. Ugomvi uko kwenye C++. GCC 5, ya mwaka 2015, ilibadilisha muundo wa `std::string` na `std::list` ili uendane na C++11 (kiwango cha lugha hiyo cha mwaka 2011), na majina yake ya ndani yakaongezwa `__cxx11`. Programu mpya inaita jina jipya, maktaba ya zamani ina lile la zamani. Ukikutana na kosa la `undefined reference` lenye `std::__cxx11::basic_string` ndani yake, usihangaike na programu unayoijenga. Tafuta maktaba ambayo programu hiyo inaitegemea, hiyo ndiyo haijajengwa upya.

Tazama kompaila zilizopo kwa `gcc-config -l`, chagua kwa namba, mfano `gcc-config 2`, kisha `source /etc/profile`, maana dirisha lililokuwa wazi bado linashika ya zamani. Jenga upya libtool (zana ya kusaidia kujenga maktaba) kwa `emerge --oneshot libtool`, kwani huhifadhi njia ya kwenda kwenye GCC iliyoijenga. Halafu jenga upya kila kinachotumia libstdc++, maktaba ya C++ ya GCC:

`revdep-rebuild --library 'libstdc++.so.6' -- --exclude gcc`

Anza na `-p` mara tu baada ya `revdep-rebuild` uone orodha kwanza. Kwenye MAKEOPTS, inayopanga kazi ngapi za ujenzi ziende kwa pamoja, hesabu GB 2 za kumbukumbu kwa kila kazi. Mimi niliweka `-j2`. Umeme ukikatika, `emerge --resume`.

GCC 14 ya 2024 ni habari nyingine. Vilivyokwisha kujengwa havidhuriki, ila msimbo unaoita fanksheni isiyotangazwa sasa unakataliwa. Wengi hukimbilia `-Wno-error=implicit-function-declaration`, inayogeuza kosa hilo kuwa onyo tu. Nakusihi usifanye hivyo kabla hujasoma mstari wa msimbo unaolalamikiwa: fanksheni isiyotangazwa inayorudisha anwani ya kumbukumbu hudhaniwa inarudisha `int`, na kwenye mashine ya biti 64 nusu ya anwani hukatwa. Mara nyingi dawa ni `#include` moja tu, mstari unaoleta tangazo la fanksheni hiyo.

GCC ya zamani iache mpaka orodha yote iishe. Kitu cha lazima kikigoma, `gcc-config 1` inakurudisha ulikotoka.